Nyumba ya Ryynänen na Mvuke wa Jumamosi

Tarehe 11 Juni 1981 manispaa ya Lieksa, mashariki mwa Finland, ilimpa Unto Ryynänen kibali cha kujenga sauna, kibanda cha kuogea kwa mvuke, kwenye kiwanja chake kando ya ziwa. Kibali hicho bado kimo katika jalada la manispaa, pamoja na mchoro alioupiga mwenyewe kwa penseli. Nyumba aliikuta imejengwa. Sauna aliijenga yeye, kwa magogo, na tangu vuli ya mwaka ule ameiwasha kila Jumamosi. Amekosa mara mbili: siku aliyozaliwa binti yake Sirpa, na siku alipofanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Ya pili ndiyo inayomuuma zaidi.

Ryynänen ana miaka sabini na nne, mstaafu wa kiwanda cha mbao. Mkewe Hilkka alikuwa mpishi wa shule, na nyonga yake ya kushoto imechoka. Wanalala ghorofani, choo kiko chini, na kutoka mlango wa jikoni mpaka sauna ni mteremko wenye mizizi ambao wakati wa baridi huwa barafu tupu. Hilkka aliteleza hapo Januari. Tangu siku hiyo hajafika sauna. Anaoga jikoni, kwenye beseni linalotundikwa nyuma ya mlango, na kila Jumamosi mumewe humpandishia ndoo ya maji ya moto kutoka huko huko sauna. Unto aliona tatizo limekwisha.

Hilkka hakuona hivyo. Mwezi Mei alipata fleti mjini: vyumba viwili, lifti, duka la dawa ng'ambo ya barabara, na chini kabisa ya jengo sauna moja ya wote, ambayo kila fleti ina zamu yake ya saa moja kwa wiki. Mwenye fleti, mwanamke wa Kuopio, alikubali kuwashikia mpaka mwisho wa Septemba. Baada ya hapo angeitangaza. Kwa hiyo nyumba ya ziwani ilibidi iuzwe kwanza, na Lieksa ni mji ambao vijana huondoka na nyumba hubaki.

Unto alikuwa na swali moja tu kuhusu fleti.

"Zamu yetu siku gani?"

"Jumanne," Hilkka akasema. "Jumamosi zimejaa. Kuna foleni."

"Jumanne," Unto akarudia, kama mtu aliyetajiwa jina la ugonjwa.

Hakukataa kuuza. Ila hakuna aliyemwona akiharakisha.

Dalali aliitwa mara moja. Alizunguka nyumba, akataja asilimia yake, kisha akasema aletwe pia mpambaji mwenye mito myeupe na maua ya kukodi. Hilkka alimpa kahawa, akamsindikiza mpaka kwenye gari.

"Mito tunayo," alisema gari lilipopinda.

Wakaamua kuuza wenyewe, kwa bei ndogo na bila gharama. Sirpa aliwasimamia kwa simu kutoka Jyväskylä, sauti ikiwa imefunguliwa mezani ili wazazi wote wawili wasikie.

"Mama, ondoeni kila kitu kinachoonyesha kwamba mnaishi hapo."

"Tunaishi hapa," Unto akasema.

"Baba, mnunuzi anataka ajione yeye ndani ya nyumba. Akikuta meno yako ya bandia kwenye glasi, atajionaje?"

"Si atazame pembeni."

"Mama, mwambie."

"Nimemwambia miaka arobaini na nane, mwanangu. Endelea na orodha."

Pembe zilizokuwa ukutani zilikwenda stoo, pamoja na viti vitatu, redio mbili na picha ya mama yake Unto, ambaye hakuwahi kucheka na watu. Mazulia yaliteremshwa kwenye gati la kufulia, yakasuguliwa kwa sabuni ya msonobari na kuanikwa. Madirisha yalisafishwa kwa siki na magazeti ya zamani. Ukumbi wa kuingilia ulipakwa rangi nyeupe iliyosalia kanisani baada ya uzio wa makaburi kupakwa, na Hilkka alikataza jambo hilo lisitajwe mbele ya wageni.

Picha za tangazo alizipiga Hilkka. Katika tatu kati yake mgongo wa Unto unaonekana, ukiwa njiani kwenda mahali. Maneno ya tangazo aliyaandika Unto. Sentensi yake ya kwanza ilisema kwamba kila Aprili maji huingia kwenye chumba cha chini ya ardhi. Hilkka hakuifuta. Aliihamisha mwisho.

Bei ilikuwa euro elfu thelathini na tisa, pamoja na gati na kuni za miaka miwili. Mwezi Juni alikuja bwana mmoja kutoka Joensuu, akasimama sebuleni muda mrefu, akasema pana utulivu. Hakupiga simu tena. Mwezi Agosti walikuja mke na mume waliosema nyumba ni nzuri sana.

"Hao hawarudi," Hilkka akasema.

Hawakurudi.

Ilibaki wiki moja fleti iende kwa wengine, ndipo akapiga simu mwanamke anayeitwa Noora Tiilikainen. Alikuwa muuguzi, amepata kazi kituo cha afya cha Lieksa, na mumewe Jere hufanya kazi kwa kompyuta popote penye umeme. Walikuwa wanakuja kwa gari kutoka Espoo, mwendo wa siku nzima. Wangefika Jumamosi, saa kumi na moja jioni.

"Saa kumi na moja ni sauna," Unto akasema.

"Utaiwasha saa mbili usiku."

"Saa mbili usiku si sauna. Hiyo ni kuosha mwili."

"Basi iache wiki hii. Wiki moja tu, mzee."

"Jumamosi ni Jumamosi, Hilkka."

"Yako," Hilkka akasema. "Tangu Januari ni yako peke yako. Mimi Jumamosi yangu ni beseni."

Unto alitoka kwenda kupasua kuni. Alipasua nyingi kuliko zilizohitajika.

Jumamosi hiyo, tarehe 23 Septemba, gari la kina Tiilikainen lilipoingia uani, moshi ulikuwa unatoka kwenye bomba la sauna na Unto alikuwa amesimama ngazini na joho lake la kuogea. Hilkka alikuwa ametoa mikate midogo ya iliki kwenye oveni, maana gazeti lilisema nyumba inayouzwa inukie mkate.

"Mzee Ryynänen," Jere akasema, akimpa mkono. "Nimekutambua kwa picha."

"Mimi simo kwenye picha."

"Mgongo, mzee."

Mwenye nyumba mwingine angeanzia sebuleni. Unto aliwapeleka kwanza chumba cha chini, akaonyesha kwa ncha ya kandambili alama ya maji ukutani.

"Aprili yanafika hapa. Mwaka mbaya, hapa."

Hilkka, aliyebaki juu ya ngazi, alifumba macho.

Walipomaliza vyumba, Unto alijikuta katika shida ya adabu. Sauna ilikuwa moto na mgeni alikuwa amesimama karibu nayo. Kumwacha mgeni nje ya sauna iliyo tayari ni jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Iko tayari," akamwambia Jere.

"Nenda," Noora akamwambia mumewe. "Mimi na mama tunakunywa kahawa."

Jere alikulia kwenye fleti yenye sauna ya umeme iliyotumika kuhifadhia maboksi. Huko kwao nyumba huuzwa kwa kupandiana bei, na muuzaji akinyamaza maana yake kuna mwingine ametoa zaidi. Unto naye alilelewa akijua kwamba ndani ya sauna watu hawaongelei biashara. Walikaa kitako kwenye ubao wa juu, kila mmoja na malezi yake.

"Tulikuwa tunafikiria elfu thelathini na saba," Jere akaanza.

Unto alichota kata ya maji akayamwaga kwenye mawe ya jiko. Mawe yalilia, mvuke ukapanda. Jere akainamisha kichwa.

"Sawa. Thelathini na tisa, kama tangazo."

Unto akamwaga kata nyingine, kwa kuwa ile ya kwanza haikujaa.

"Arobaini na moja," Jere akasema, uso wake ukiwa katikati ya magoti.

"Humu hatuongei biashara, kijana."

Jere alilisikia hilo kama jibu la hapana. "Arobaini na mbili," akasema, akashika taulo na kutoka.

Kutoka dirisha la jikoni Hilkka alimwona mwanamume mwekundu amesimama majanini, amejifunga taulo, mikono magotini, mvuke ukimtoka mabegani.

"Amemuua," akasema. "Mteja mmoja tuliyebaki naye, na amemuua."

Noora alitupa jicho la kiuuguzi. "Anapumua, mama."

Wanaume walipopanda na kuketi mezani, Jere alieleza hali ilivyo. "Nimefika arobaini na mbili. Mzee hajanijibu."

Hilkka akaweka birika chini taratibu.

"Nilikuwa sauna," Unto akasema. "Sikusikia kitu. Tangazo linasema thelathini na tisa."

"Amesikia," Hilkka akasema. "Masikio ndiyo kiungo chake pekee kisichohitaji fundi. Lieksa nzima hakuna mwingine anayejipunguzia bei mwenyewe, na mimi nikaolewa naye."

"Chini mnaingia maji, Hilkka."

"Tumeyaona, mzee," Noora akasema. "Tumeonyeshwa kabla ya kuvua makoti." Akamtazama mumewe, kisha Unto. "Iwe thelathini na tisa. Ila hatujui kuwasha kwa kuni. Ungekuwa unakuja Jumamosi utuwashie, uoge na wewe. Kila Jumamosi, ukipenda."

Unto alikuwa na mkate wa iliki mkononi. Hakuuma. Hilkka aliinuka kukusanya vikombe, akishika ukingo wa meza kama anavyofanya siku hizi kila anapoinuka, na nyuma yake mlangoni beseni lilikuwa limetundikwa. Ni kitu kimoja ambacho hakuna aliyekumbuka kukipeleka stoo.

"Nitawafundisha mara moja," Unto akasema, macho yake kwenye beseni. "Baada ya hapo sitaweza. Sisi tuna zamu mjini."

"Jumamosi?" Jere akauliza.

"Jumanne."

"Keti umalize kahawa," Hilkka akamwambia mumewe. "Inapoa."

Mkataba ulisainiwa Alhamisi tarehe 28 Septemba mbele ya shahidi rasmi wa mauzo, kwa bei ya tangazo, na siku hiyo hiyo mwanamke wa Kuopio akapigiwa simu. Unto ameandikisha jina kwenye foleni ya Jumamosi. Mbele yake yuko mtu mmoja, mwenye miaka tisini na moja, ambaye hajaonyesha nia ya kumpisha yeyote.

Lori la kuhamia linakuja Jumatatu, tarehe 30 Oktoba. Zamu ya kwanza ya Unto na Hilkka ni kesho yake, saa kumi na mbili jioni.