Mbeyu na Dawa Iliyowasha

Pale Mtongwe, ukijikwaa karibu na nyumba ya Mbeyu, ulijikwaa kimya kimya. Mbeyu alikuwa muuza maharagwe ya nazi, mwenye huruma nyingi na chupa kubwa ya dawa ya kuoshea vidonda. Akikuona na mchubuko, alikukalisha chini akakumiminia dawa vile ilivyo, bila tone la maji.

"Isipowasha, haiponyi," alisema, nawe umeshikilia ukuta machozi yakikutoka.

Jirani yake Lewa, fundi wa mabati, alishinda wiki nzima na soksi ndefu katika joto lile, kuficha mkwaruzo mguuni.

Asubuhi moja Mbeyu alikuwa akikuna nazi huku akimcheka Lewa na soksi zake, mbuzi ikamkwangua kidole. Damu kidogo tu. Akaifuata chupa yake kwa maringo, akamimina.

Ukelele uliomtoka uliwatawanya kuku wote uani.

"Mama wee! Nani katia pilipili humu?"

"Ni ile ile," Lewa alijibu kwa upole, akivuta kigoda aone vizuri.

Kesho yake kidole kilikuwa chekundu, ngozi imebabuka. Mbeyu akaenda kwa Nasreen, mwenye duka la dawa.

"Wallahi dada Mbeyu, hapa mbuzi haina kosa. Umejiunguza na dawa," Nasreen alisema. "Kidonda kidogo kioshe kwa maji safi yanayotiririka na sabuni. Dawa ukiitaka, ichanganye na maji kama ilivyoandikwa kwenye chupa. Kisha funika kwa bendeji safi."

"Na ikiwa kali, si ndiyo yaua vijidudu?"

"Yaua na nyama yako pia."

Mbeyu aliona haya. Jioni alipita nyumba hadi nyumba na sahani za maharagwe, akiomba radhi. Lewa alikumbuka vidonda vingi sana, vingine vya utotoni, akala akashiba.

Mwezi uliofuata Lewa alikanyaga msumari wenye kutu. Safari hii alikuja mwenyewe, akanyoosha mguu bila wasiwasi. Mbeyu aliuosha taratibu kwa maji na sabuni, akatazama lile tundu.

"Hili limeingia ndani. Twende zahanati ukadungwe sindano ya pepopunda."

"Sindano? Mbona nimeshapona! Tazama!"

Lewa akaanza kurukaruka, kwa ule mguu mwingine. Mbeyu akamshika mkono, wakashika njia ya zahanati, mmoja akichechemea na kubembeleza, mwenziwe amembebea kiatu.