Sanduku la Picha la Lomuria

Lomuria alikuwa na ugonjwa wa picha. Nilimwambia hivyo mbele ya watu, ndani ya hoteli yangu pale Lodwar, wala hakukasirika. Alikuwa kibarua wa barabara. Wenzake wakilipwa walikimbilia pombe au walinunua mbuzi; yeye alikwenda kumngoja Elijah, dereva wa lori la Kitale, ampe gazeti la hadithi za picha lililochapishwa Nairobi kila mwezi. Mara nyingi lilifika limekaliwa njiani, lina madoa ya mafuta, na ukurasa wa nyuma umeshachanwa kufungia tumbaku. Lomuria alilipokea hivyo hivyo kwa mikono miwili, akaagiza chai, halafu akaisahau mpaka ikapoa.

Usidhani alitaka kujua hadithi inaishaje. Kusoma alisoma kwa shida, kidole kikifuata maneno. Alichopenda ni mkono wa mchoraji. Gazeti lilikuwa na wachoraji kadhaa na wote aliwatambua kwa wino wao, kama sisi tunavyomtambua jirani kwa kikohozi chake. Mmoja alimuudhi kabisa: alisema watu wake wamesimama kama wanaopigwa picha ya kipande, yaani kitambulisho. Mwingine alimsifu kidogo kwa sababu alijua kuchora vumbi. Lakini yule wa tatu, aliyejiita K.O. tu, huyo ndiye aliyemtia wazimu. K.O. alificha herufi zake mbili ndani ya picha, leo kwenye tako la sufuria, kesho kwenye soli ya kiatu cha mwizi. Lomuria alizitafuta kwanza kabla ya kutazama kitu kingine, na akizipata alicheka peke yake. Wateja wangu walihama meza.

Siku moja alinisukumia ukurasa nikiwa na sinia mkononi. Palikuwa na mwanamke anaepua chungu.

"Mama Ajwang, angalia mkono hii," akaniambia. "Hii mkono imechoka."

Nikaangalia, na jamani, ulikuwa umechoka kweli. Nilimwambia anipishe, nina kazi. Ningemkubalia angenionyesha magazeti yote mpaka jioni, maana aliyaweka kwenye sanduku la bati, yamepangwa mwezi baada ya mwezi, na majani ya mwarobaini katikati ili mchwa wasiyaguse.

Kazi ya barabara iliposimama, Lomuria alipanda lori na sanduku lake akarudi kwao Kakuma. Haukupita muda mrefu, mume wangu Opondo, ambaye alikuwa polisi, naye akahamishiwa huko huko. Kwetu ni Siaya. Mimi nilikuwa nimechoka kuhamishwa kama kiti, lakini nilifunga virago nikafungua hoteli nyingine, na jirani yangu wa kwanza kuja kuniambia ejok, yaani kunisalimu kwa Kiturkana, alikuwa nani? Lomuria. Akanijulisha kwa mkewe, Mama Nakal, mwanamke mrefu mwenye shanga mpaka kidevuni na maneno machache. Sanduku lile aliliita mke mwenzake. Hakuwa anatania sana.

Nakal mwenyewe alikuwa bado hajang'oa jino hata moja. Binti huyo alikaa katikati ya miguu ya baba yake, wakafungua gazeti, wakashindana kuzitafuta herufi za K.O. Hakujua kusoma, lakini herufi hizo mbili alizijua, na mara nyingi alimshinda baba yake.

Mwaka wa sabini na tisa mvua ikatunyima. Sina hamu ya kueleza ukame wa Turkana kwa mtu ambaye hajauona. Mbuzi wakaanza kukohoa na kufa, na wale waliopona ugonjwa wakamalizwa na njaa. Katika zizi la Lomuria akabaki mbuzi mmoja tu wa kukamuliwa, mweupe mwenye masikio meusi. Maziwa yake, ambayo hayakujaza hata kikombe, yalikuwa ya Nakal. Watu wazima walisubiri unga wa msaada, na unga ulikuja ulipotaka wenyewe. Mbuzi huyo akifa, mtoto hana kitu. Hilo kila mtu pale alilijua, na Mama Nakal alilijua kuliko wote.

Nyasi hazikuwepo. Wanawake walilisha mbuzi makaratasi: unachana katoni, unailoweka katika maji ya chumvi, mbuzi anatafuna na tumbo linatulia. Mimi nilimpa Mama Nakal katoni zote za sabuni na za majani ya chai zilizokuwa hotelini. Zikaisha. Maziwa yakaanza kupungua tena. Ndipo nikamwona Mama Nakal ameketi mlangoni, analitazama sanduku. Mumewe alimwona pia.

Kesho yake Lomuria akanijia na sanduku begani, akaniomba nimhifadhie mpaka mvua inyeshe. Nilikuwa nasonga ugali wa watu wanne nijue nitawagawiaje watu kumi, sikuwa na subira ya upuuzi.

"Lomuria," nikamwambia, "mtoto wako anakunywa nini?"

Nikadhani atanitukana. Akageuka akarudi nalo nyumbani. Nami nikaweka mwiko chini nikamfuata, maana nilimwogopea.

Alianza na yule mchoraji wa watu wa kipande. Alizitoa pini za gazeti moja moja zisije zikamchoma mbuzi kooni, akauchana ukurasa, akampa mkewe, mkewe akauzamisha katika maji ya chumvi. Mbuzi akala. Siku zilizofuata akamaliza yule wa vumbi, na hapo nilimwona ameanza kuumia, kwa sababu kila ukurasa aliutazama kwanza, kwa utaratibu, kuanzia juu hadi chini, kama anayeagana na mtu stesheni. Mama Nakal alikaa na mkono wazi akimsubiri. Hakumharakisha hata mara moja, na kwa hilo nilimheshimu.

Maziwa hayakuongezeka, lakini hayakukatika. Mtoto alikunywa.

Mwishowe zikabaki kurasa za K.O. peke yake. Alizitoa hizo nazo. Nakal alikuwa bado anazitafuta herufi, baba yake anangoja azione, ndipo anauchana ukurasa. Siku nyingine nilishindwa kukaa pale, nikaenda zangu kugombana na kuni. Sanduku likabaki na majani makavu ya mwarobaini, na wiki hiyo hiyo shemeji yake akaleta gunia la matunda ya migunga kutoka mtoni. Mbuzi akapata nguvu. Matiti yakajaa. Tukacheka siku hiyo, hata Mama Nakal.

Halafu ikaja surua.

Iliingia manyatani ikachagua wale wadogo. Opondo aliwabembeleza wakubwa wake wakampa gari, tukampeleka Nakal zahanati, tukakuta akina mama wamejaa mpaka nje na dawa ni ile ya kutuliza macho tu. Alikufa mchana, kichwa chake kikiwa kwenye mapaja ya mama yake. Nililia mpaka sauti ikakauka, na nilikuwa na hasira isiyo na mtu wa kumbebesha. Nilimchukia hata K.O., huko aliko, na wino wake, na shibe yake, ingawa labda naye alikuwa mtu wa shida zake tu.

Mbuzi hakufa. Huyo ndiye aliyetuponda moyo zaidi. Kila asubuhi alisimama mlangoni na maziwa yake, analia akamuliwe.

Nilikuwa nimekwenda kukaa nao msibani, siku chache baada ya kuzika. Hakuna aliyewahi kumpiga Nakal picha. Nani angempiga, na kamera ya nani? Mama Nakal ndiye aliyeanza, bila kumtazama mumewe.

"Yule mtu yako ya kuchora," akasema. "Alichora watoto?"

"Alichora."

"Iko moja imefanana na Nakal?"

Nilimtazama Lomuria, nikamwomba kwa macho aseme hapana. Mwanamume huyo hakujua kusema uongo juu ya picha.

"Iko," akajibu. "Alikuwa nabeba maji. Macho, mdomo, yote yake. Mimi nilificha hiyo chini kabisa, ndiyo ikakuwa ya mwisho."

Mama Nakal akauliza iko wapi. Lomuria akageuza kichwa. Alimwangalia yule mbuzi pale mlangoni, na mkewe akamwangalia pia. Kisha Mama Nakal akainuka, akachukua kibuyu, akaenda kumkamua.