Ugonjwa wa Mazizi Mawili

Mwaka ule mvua haikujua kukoma. Mbuga ya upande wa reli, hapa kwetu Gulwe, ikasimama maji, mbu wakauma hata mchana, kisha ng'ombe wakaanza kutupa mimba. Mume wangu alimchinja jike mmoja aliyekuwa anakufa, kama tulivyozoea, nyama isipotee. Haikupita muda akashikwa na homa. Homa ikaondoka, ikaondoka na macho yake. Sikulia. Hata leo sijui kwa nini sikulia.

Lawama zikamwendea rafiki yake wa ng'ambo ya korongo. Sisi tuna desturi ya kuwekeshana ng'ombe: wako mmoja wawili wanakaa kwa mwenzako, ili balaa likiingia zizi moja lisimalize wote. Yeye anakamua, ndama ni wako. Ng'ombe wetu mwekundu alikuwa kwake. Na ni kweli, rafiki huyo alinunua madume mnadani, maana siku hizo biashara ilikuwa ruksa na malori yalishusha ng'ombe kutoka huko mbali. Ila kwa haki niseme pia: waliotangulia kutupa mimba ni wa kwetu.

Shemeji yangu alitaka mwekundu arudi, na yule mtu asinyweshe tena kisimani kwetu. Mume wangu akasema tungoje majibu ya damu ya ng'ombe iliyopelekwa kupimwa.

Aliyeyaleta ni binti wa idara ya mifugo kutoka Mpwapwa, yuleyule aliyekuja kuchukua damu katika mazizi yote mawili. Rafiki naye aliitwa. Akakaa pembeni, kofia gotini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu," mume wangu akaitikia. "Ugonjwa ulitoka kwake au kwangu?"

Binti akasema kirusi cha mazizi yetu ni cha ukoo mmoja, ila hakifanani sawasawa. Kila kinapozaliana hubadilika kidogo, kama mbegu ya mtama unayoirudia kila msimu. Huweza kulala miaka ndani ya mayai ya mbu, kwenye udongo wa mbuga, mpaka maji yasimame. Huweza pia kusafiri na ng'ombe. Huenda nimekosea maneno yake. Mimi niliishia la saba.

"Kwa hiyo ni nani?" shemeji akauliza.

"Tofauti ni ndogo mno, na damu tuliyochukua ni ya ng'ombe wachache. Siwezi kusema nani alimpa nani."

"Umesoma miaka yote hiyo, uje kutuambia hujui!"

"Ndiyo, baba. Hilo sijui."

Jioni rafiki akaja, mwekundu nyuma yake kwa kamba.

"Nimemleta mwenyewe, kabla sijafuatwa na marungu," akamwambia mume wangu. Alijaribu kucheka.

Mume wangu akanyoosha mkono, akapapasa sikio la ng'ombe mpaka akaufikia mkato, alama yetu. Kidole chake kikabaki hapo.

"Amenenepa huyu. Unampa nini, mikate?"

"Mtama wangu, tena wa kuiba!"

"Basi mrudishe akaendelee kuiba. Na kesho mlete kisimani, anywe na wenzake."

Shemeji, aliyekuwa bado pale uani, akatema mate, akaondoka bila kuaga.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Ilinipasa nifurahi, nadhani, au nikasirike. Nilitazama tu mkia ukishuka korongoni.

"Wamevuka?" mume wangu akauliza.

"Bado," nikasema.