Metrine na Boneti ya Bi Fairuz

Ilikuwa mwaka elfu mbili na kumi na saba. Hapana, nasema sivyo, ilikuwa kumi na tisa, maana baridi ile ilipokwisha tu korona ikatufungia ndani, na habari hii ilitokea watu wakiwa bado wanapeana mikono.

Metrine ni mtu wa Kimilili, Kenya. Alikuwa mlinzi wa geti katika gereji ya Adib, kule Al Quoz, Dubai, mahali wanapofufua magari ya zamani kwa ajili ya matajiri. Mimi nilikuwa nachemsha chai hapo. Nimechemsha chai sehemu nyingi, Maskati, Sharjah, hata melini, lakini sijapata kuona mlinzi anayesimama vile. Mkono mmoja ulikuwa na redio ya kampuni, na kidole cha mkono wa pili kikichora herufi kwenye vumbi la ukuta. Akimaliza anafuta, anachora tena.

"Mama, unamwandikia nani?" nilimuuliza.

"Najipasha tu mkono, mzee. Usipoandika mkono unalala."

Kwao alikuwa anaandika vibao vya maduka kwa brashi. Kinyozi, bucha, posho mill, zahanati, vyote vya Kimilili vimepita mkononi mwake. Halafu zikaja mashine za kuchapa mabango, kazi ikakauka, akapanda ndege kuja kusimama juani. Hakulalamika sana. Alisema tu kwamba geti halina herufi.

Mkataba wake na kampuni ya ulinzi ulikuwa unaisha Desemba ile. Wakimwongezea, angekwenda geti lingine, na lingine, mpaka uzee. Ndipo likaja gari la Bi Fairuz.

Bi Fairuz anakaa Mirdif, Mzanzibari wa zile familia zilizohamia zamani, na Kiunguja chake hakijachujuka hata tone. Alinunua kigari cha jeshi la Waingereza, cha vile Vita vya Pili vya Dunia, kikaletwa kwa meli kutoka Misri kikiwa kimepakwa rangi ya buluu kama kibanda cha soda. Mafundi wakakwangua buluu, wakakuta kijani. Wakakwangua kijani, wakakuta rangi ya mchanga, na kwenye ubavu wa boneti maandishi meupe: herufi Z, halafu tarakimu saba mfululizo.

Adib, arbab wetu, yaani bosi, mtu wa Syria mwenye haraka ya kudumu, akamwita Metrine kutoka getini. "Yalla, Metrine. Unasema unajua brashi. Andika gari la madam. Likipendeza, nakuchukua ndani, mimi ndiye kafeel wako, mdhamini wa viza yako. Lisipopendeza, khalas, rudi kwenye jua lako."

Metrine akafurahi mpaka akasahau redio kwangu. Ililia asubuhi nzima pembeni ya birika.

Bi Fairuz akaja kuangalia. Kuona zile tarakimu saba, akashika kiuno.

"Hebu, hebu! Ndo nini hii? Namba ndefu kama treni! Mie dereva wa tangi la maji?"

Asiyekaa Dubai hatamwelewa. Hapa namba ya gari ni heshima. Mwenye tarakimu tano ni mtu kama sisi, mwenye tatu anafunguliwa mlango, mwenye moja hata polisi wanamtazama kwa adabu. Na herufi A ndiyo ya wakubwa wa mwanzo. Sahani ya namba ya kweli, ya A yenye tarakimu moja, ungeuza mtaa mzima wa Naif usiipate. Lakini juu ya boneti ya gari la maonyesho, nani atakukataza?

"Niandikieni A na saba," akasema Bi Fairuz. "Basi. Fupi, tamu."

"Hadhir, madam," akasema Adib. Angeitikia hivyo hivyo hata angeambiwa aandike jina la mbuzi.

Metrine akapaka ubavu wote wa boneti rangi ya mchanga, ile Z ikazama, akaandika juu yake A na 7. Mzuri mno mkono ule. Ile saba ilikuwa na shingo kama mtu anayemsikiliza mwenzake. Lakini niliona kopo, na kopo lile lilikuwa la rangi ya ukutani, ya maji.

"Mama, umeishiwa rangi ya mafuta?"

"Shh! Kwetu maandishi ya kwanza ni ya maji, mzee. Mteja akishaonyesha watu wake, akaridhika, ndio unaweka ya mafuta. Kuna mtu niliandikia 'Bucha', kufika jioni akataka 'Saluni'. Ningekuwa nimetumia mafuta ningelia."

"Na Adib anajua?"

"Adib anajua gari linang'aa."

Ijumaa wenye magari ya zamani walikusanyika mbele ya ghala letu, asubuhi ya baridi ile nzuri inayowafanya Waarabu wavae makoti. Bi Fairuz alisimama na miwani yake mikubwa kando ya gari. Metrine alikuwa ameazima gauni la rafiki yake, anasubiri kusikia maisha yake yanaelekea wapi.

Mzungu mmoja mnene, mpole, aliyekuja na pikipiki ya vita vile vile, akalizunguka gari la Bi Fairuz mara kadhaa. Akachungulia nyuma. Akauliza, "Wagonjwa walikuwa wanalala wapi?"

"Wagonjwa gani?" akauliza Bi Fairuz.

Yule bwana akaeleza bila majivuno, kama mtu anayesimulia habari za kijijini kwao. Jeshi lile liligawa herufi kwa aina ya gari. Pikipiki C, akatuonyesha kwenye tangi la yake. Lori kubwa L, kigari kidogo cha mizigo Z, kifaru T. Na A ni gari la wagonjwa. Namba zenyewe ziligawiwa tangu wakati wa kuagiza magari kiwandani, gari likazaliwa na yake, na likahama vikosi vyote bila kubadilishwa. Haikuwa ya dereva wala ya jenerali.

Basi kicheko kikapasuka. Fundi mmoja Mfilipino akapanda nyuma, akalala chali, akaanza kugumia anaomba machela. Watu wakampiga picha.

"Jamani!" Bi Fairuz akavua miwani. "Mie nimenunua gari la vita, mmenitia ndani ya hospitali! Adib!"

Adib hakukumbuka hata kidogo nani aliagiza nini. "Metrine! Nani alikwambia uandike A?"

Nilimtazama Metrine. Angeweza kusema ni madam, na angekuwa amesema kweli, na angerudi getini na kweli yake hiyo. Yeye aliniomba tambara langu la chai, akalichovya kwenye ndoo, akaenda kwenye boneti.

"Unafanya nini?" Adib akapiga kelele. "Hiyo rangi... wewe! Umepaka gari la madam rangi ya ukuta?"

"Ndiyo, sir. Ngoja kidogo."

Akasugua. A ikayeyuka, saba ikamwagika na shingo yake, maji ya rangi ya mchanga yakatiririka mpaka kwenye tairi. Chini yake ikatoka Z, halafu tarakimu moja, nyingine, nyingine, zote saba, zimechubuka kidogo lakini hakuna iliyokosekana. Yule mzungu alivua kofia.

Bi Fairuz akaigusa ile Z kwa kidole. "Kumbe mwenyewe ulikuwa unayo yako, masikini." Kisha akamgeukia Adib. "Huyu bibie, usimrejeshe getini. Akiondoka yeye, na gari langu naliondoa."

"Hadhir, madam."

Jumapili Metrine aliingia ndani, kwenye kivuli, na kopo la rangi ya mafuta. Alifuatisha zile tarakimu juu ya zile zile za zamani, taratibu, ulimi nje. Nilimpelekea chai.

Kuna jambo lilikuwa limenikaa rohoni. Nilimuuliza yule mzungu akiwa anavaa kofia yake ya pikipiki, akakuna kidevu, akaondoka. Nilimuuliza Bi Fairuz, akasema mzee huyu naye. Adib hakusikia. Basi nikamuuliza Metrine, akiwa anazungusha sifuri: gari likishakufa kule jangwani, likabaki vyuma, ile namba yake wanamwachia nani?