Mdogo Wangu, Dobi wa Madhabahu

Mdogo wangu ndiye anayefua vitambaa vya madhabahu pale kanisani. Watu wanamwita Dobi, na mtu akilisema jina hilo kwa dharau, aje kwangu nimfunze adabu. Nyie mnapiga pasi juu ya maua ya kudarizi mpaka yanalala kama yamekufa. Yeye anatandika blanketi, anakilaza kitambaa kifudifudi, anapiga pasi mgongoni. Ukikigeuza, maua yamesimama, unatamani kuyachuma.

Basi macho yakaanza kumfanyia ukungu. Mtoto wa jicho. Akaunguza kitambaa kimoja kwa kutoona, akalia kama amefiwa. Madaktari wa macho huja zahanati yetu mara moja kwa mwaka, na safari hii wakaja wiki ileile askofu anatembelea kanisa. Nikamwandikisha mwenyewe kwa upasuaji. Nesi akasema wazi: akikosa sasa, mwakani huenda hata mlango hatauona.

Mwenyekiti wa akina mama akaja mbio, hodi hata hakuimaliza.

"Dobi, unaniacha na askofu? Nani atafua?"

"Naenda kutibiwa macho, mama."

"Macho yatangoja. Mungu anakutegemea, mwenzangu. Utamtia aibu."

Mdogo wangu akainamisha kichwa, anakunjakunja upindo wa gauni. Nikajua hofu imemwingia. Huyu tangu utotoni, ukimwambia kitu ni cha Mungu, atabeba mpaka mgongo umvunjike. Nikafungua mdomo nimpashe yule mama.

"Dada, ngoja," akasema mdogo wangu.

Mimi kungoja sijui, ila nikangoja.

"Mwenyekiti, mimi nilizaliwa, nikanyonyeshwa, nikavishwa. Hata leo nikikosa maji nakufa. Mungu nani alimzaa? Nani alimlisha? Kabla pamba haijaota, kabla ya madhabahu, kabla yangu na yako, alikuwepo, na hakupungukiwa na kitu. Uhai wake ni wake mwenyewe, hakuuazima popote. Leo ndiyo aje kunitegemea mimi, nisiyeona hata pasi yangu? Mimi ndiye ninayemtegemea."

"Sasa miaka yote hii ulikuwa unafua kwa nini?"

"Kwa kumpenda. Anayenitegemea ni wewe, umezoea."

Jamani! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yule mama akaondoka bila kuaga.

Askofu alikuja, akakuta kitambaa kina mikunjo kama uso wangu, akahubiri vizuri tu. Mungu hakuhama. Mdogo wangu alikuwa zahanati, na alipofunguliwa bandeji akanikodolea macho.

"Dada! Kumbe umezeeka hivi na husemi?"

"Na wewe unadhani umebaki msichana? Ngoja nikuletee kioo."

Siku hizi amerudi kwenye pasi yake, kwa raha zake, hasukumwi na mtu. Nikipita kanisani na kuona yale maua, nanyoosha shingo: huyo ni wa tumbo moja na mimi. Mwenyekiti anatusalimia mlangoni. Mdogo wangu humwitikia. Mimi siitikii. Watu wananiambia nimsamehe. Nawajibu, Mungu atamsamehe mwenyewe, hilo nalo hahitaji msaada wangu.