Mapacha wa Fundi Seremala

Mke wa fundi seremala alijifungua mapacha wa kike miezi miwili kabla ya wakati. Asubuhi ya siku ya tisa alifika na mumewe wodi ya watoto njiti, amebeba vikombe viwili vya maziwa aliyojikamua. Wakakuta mashine moja ya joto imezimwa.

"Pole, mama. Yule mdogo ametutoka alfajiri," muuguzi alisema. "Dada yake bado anapumua, ila kwa shida."

Fundi, aliyezoea kurekebisha kila kitu kwa mikono yake, hakujua aiweke wapi.

"Sasa haya nimpe nani?" mkewe aliuliza, akinyoosha kikombe kimoja.

Muuguzi alikipokea. Mama akaketi, akamtazama aliyebaki, akaogopa hata kumpenda.