Deki ya Kumsikilizia Mzee Masalu

Asikudanganye mtu kwamba vitu vya kizamani hutafutwa na wenye nafasi tu. Kashindye alikuwa akiuza michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, sokoni Mkuyuni, nafasi yenyewe hakuwa nayo, lakini kila alipofunga meza yake alizunguka kwa mafundi wa redio akiulizia deki ya kaseti, nzima na ya bei ya mnyonge.

Baba yake, mzee Masalu, alipigwa na kiharusi wakati wa masika, kikaondoka na ulimi wake. Na mzee yule alikuwa manju, mtunzi na kiongozi wa nyimbo za ngoma, jamani! Kule Usagara, baada ya mavuno, ngoma mbili zilipopambana uwanjani, watu walimwacha mpinzani wake wakamkimbilia yeye. Sasa alishinda kwenye kiti akitazama ukuta, na Kashindye alikuwa ameanza kuisahau sauti yake. Jambo hilo lilimtia hofu kuliko ugonjwa wenyewe.

Kanda aliikuta moja tu, chini kabisa ya sanduku la mzee, imeviringishwa kwenye kipande cha vazi la ngoma. Haikuandikwa kitu. Kashindye hakuhitaji maandishi. Nani huficha sauti ya mtu mwingine sandukuni mwake?

Fundi Josephat alimtolea deki mbili.

"Shikamoo mama. Chukua hii, ina taa, inabeba kanda mbili."

"Marahaba. Taa nitazisikiliza? Iwashe kwanza."

Josephat akaweka kanda yake ya kwaya. Wanakwaya wakavuta maneno kama walevi wanaotoka kilabuni. Mkanda wa ndani ulikuwa umelegea. Ya pili ilikuwa ya kijivu, imechubuka, mfuniko haupo. Hiyo ikaimba sawasawa, hata pumzi za waimbaji wa besi zikasikika. Bei yake nayo ilikuwa ndogo, kwa sababu ya sura.

"Hii hii," Kashindye akasema.

"Basi ijaribu na kanda yako, mama, usije ukauziwa mbuzi kwenye gunia."

"Ikiitafuna je? Sina nyingine."

Fundi akasafisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti, akatikisa kichwa chake mwenyewe. "Haya. Ila mimi mbuzi wangu umemwona. Aliye kwenye gunia ni wako."

Nyumbani Kashindye aliiunganisha na redio ya sebuleni, akasogeza kiti cha mzee. "Baba, leo utajisikia," akamwambia, akabonyeza.

Ngoma zikaja, vigelegele vikaja, kisha sauti. Nyembamba, kali, ya puani. Baba yake alikuwa na sauti nzito. Kashindye akamlaani Josephat na deki yake, akainama kuisimamisha, na hapo mwimbaji akajitaja jina, kama manju wote wanavyofanya.

Alikuwa Chenge, yule mpinzani wa baba yake wa miaka yote.

Ndipo akaelewa. Manju alikuwa akimtuma mtu na redio ya kaseti uwanjani kwa mwenzake, amnase sauti, ili yeye akae nyumbani atunge majibu. Masalu alimnasa Chenge. Lakini sauti ya Masalu, nani wa nyumbani angeihangaikia? Si Masalu mwenyewe alikuwepo? Na kama Chenge naye alimnasa Masalu, kanda zake zilitupwa alipokufa. Sauti aliyoitafuta haikuwepo mahali popote duniani.

Chenge aliendelea kwa Kisukuma chake kitamu, bila huruma: "Masalu, mwana wa mwoga, siku moja nitakuita uwanjani, nawe utakosa la kunijibu." Kisha akanyamaza, kama ilivyo desturi, kumwachia mpinzani nafasi. Watu wake wakaangua kicheko.

Kashindye alinyoosha mkono azime. Mkono wa mzee ambao haukupooza ukamkamata kifundo cha mkono.

Masalu alikuwa ameinamia deki. Macho yake yalikuwa macho, kwa namna ambayo Kashindye hakuwa ameiona tangu masika. Midomo ikahangaika. Ukatoka mguno tu, na mate kidevuni. Akaelekeza kidole kwenye kitufe cha kurudisha.

"Baba, acha. Anakutukana."

Kidole hakikuondoka.

Kashindye akairudisha. Chenge akaita tena, akanyamaza tena. Mzee akavuta pumzi, akafungua kinywa, na wale watu wa Chenge, ambao wengi wao walishazikwa, wakaanza kucheka kabla hajatoa neno.